Kamba ya Pima Maji na Mpira Wangu

Wenzangu tulioingia shule kwa kupitisha mkono juu ya kichwa, haya ninayoandika ni yenu. Hao wengine waliozaliwa na kadi ya kliniki mfukoni wanaweza kusoma pia, lakini wasiniulize maswali mengi.

Asubuhi ile naiona kama jana. Mwalimu alitupanga mstari kule Matinyani kama mbuzi wa soko. Hakuna aliyeulizwa amezaliwa lini, kwa sababu mama zetu wangejibu tu kwamba ni mwaka ule mto ulipobeba ng'ombe wa fulani. Ulikuwa unapitisha mkono wa kulia juu ya utosi ushike sikio la kushoto. Ukilishika, umeiva, ingia darasa la kwanza. Usipolishika, rudi ukachunge mbuzi mwaka mwingine. Mimi nilikuwa na kichwa kikubwa, na bado ninacho, hata kofia ya kunitosha ni ya kutafutwa. Nililikosa sikio kwa ukucha mmoja. Nikainamisha shingo kidogo, mwalimu akajifanya anatazama kuku. Hivyo ndivyo nilivyopimwa mara ya kwanza, na masomo yenyewe yakaishia darasa la sita.

Lakini hilo neno kupima halikuniacha. Limenilisha mpaka leo. Mimi ninayeandika hapa nimejenga matangi ya maji kutoka Tseikuru hadi Kambu, nimejenga madarasa, makanisa na nyumba za watu wakubwa, na sijawahi kurudishwa kazini kwa sababu ya ufa. Mainjinia wenye digrii wakikwama hunipigia simu, "Mzee Kioko, hebu fika hapa kidogo." Cheti nilicho nacho ni cha ubatizo peke yake. Kwa hivyo nikizungumza juu ya kupima, vuta kiti.

Enzi hizo kila kitu kilipimwa na kila mtu alipima. Dukani unga ulipimwa kwa gorogoro, na mwenye duka alikuwa na kidole gumba kinachoingia ndani ya mkebe kila mara, tukakiita kidole cha Shetani. Kliniki watoto walining'inizwa kwenye mizani wakilia, miguu inachungulia kwenye suruali ya turubai, na mama zao wamejipanga wanaangalia mtoto wa nani amezidi. Ijumaa mwalimu alitupima hesabu za kichwa, na fimbo ikamaliza masahihisho. Mtoni, mchangani, tulipimana nguvu kwa mieleka mpaka mchanga uingie masikioni. Wapima ardhi walikuja na miwani yao ya miguu mitatu, wazee wakawafuata nyuma siku nzima bila kula, kwa sababu jiwe la mpaka likikaa vibaya ni ugomvi wa vizazi vitatu. Kanisani mchungaji naye alitutisha kwamba Mungu ana mizani yake, na hiyo haina kidole gumba.

Aliyenifundisha neno hilo limetoka wapi ni Mzee Swalehe, muuza vitambaa wa mjini Kitui, ambaye babu yake alitoka pwani. Mwaitu, yaani mama yangu, alikuwa amenipeleka kununua kaptura ya shule. Mzee Swalehe hakushika rula. Alinyoosha mikono miwili kama anataka kuruka, akavuta kitambaa kutoka ncha ya vidole vya huku mpaka ncha ya vidole vya kule, akasema, "Hii ndiyo pima yenyewe, kijana. Kwetu pima ni mtu akinyoosha mikono. Rula zimekuja juzi." Nilirudi nyumbani nikipima kila kitu kwa mikono, ng'ombe, ukuta, na Susu, bibi yangu, alipokuwa amelala. Susu aliniambia sisi Wakamba tunasema kuthima, na kisima tunakiita kithima, na kwa maoni yake maneno hayo ni ndugu, kwa sababu kitu cha kwanza mtu alichowahi kupima ni maji. Walimu wa chuo wakikataa, shauri yao. Hawakumjua Susu.

Basi sasa nifike kwenye maji.

Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko, jekundu, zuri kwa macho na baya kwa mvua. Baba alikuwa kazini Mombasa, akija Krismasi tu. Mvua iliyotangulia ilikuwa imeshuka na mbegu za Mwaitu zote, pamoja na samadi ya mwaka mzima, ikazipeleka korongoni. Tulikuwa tumetoka tu kwenye ile njaa ya mahindi ya njano ya msaada, mnayoijua nyinyi wa rika langu. Mwaitu alikuwa amebaki na mbegu za kupanda mara moja, mtama na kunde, amezifunga kwenye kibuyu juu ya jiko ili moshi uzuie wadudu. Zikienda hizo, hakuna nyingine.

Dawa ilikuwa mitaro ya fanya juu, ambayo udongo wake unautupa upande wa juu ili uzuie maji. Kuchimba peke yako ni kifo, kwa hivyo kulikuwa na mwethya, kikundi cha kusaidiana, leo kwako, kesho kwangu. Mwethya wetu uliongozwa na Mama Ndunge, mwanamke mwenye mabega ya kubeba mlango na sauti ya kufikia kilima cha pili. Sheria yake ilikuwa fupi. Kila nyumba ina siku moja kabla ya mvua. Siku yako ikipita imepita, mtaro wako ukipasuka utangoja mpaka nyumba zote zimalizike.

Mtaro wa kwetu unatakiwa ulale sawa kabisa ili maji yasimame humo yazame ardhini. Ukiinama, maji yote yanakimbilia mwisho mmoja, yanapasua, na hapo umejichimbia korongo kwa mikono yako. Kwa hiyo bwana kilimo, afisa aliyekuja kwa baiskeli, alitupa pima maji. Kilikuwa kichupa kidogo kama kidole chenye maji ndani na povu moja, chenye kulabu mbili za kuning'inia kwenye kamba. Kamba ya nailoni ya buluu ilifungwa kwenye vijiti viwili vilivyolingana urefu, na katikati yake kabisa palikuwa na fundo la uzi mwekundu. Hapo ndipo kichupa kilipokaa. Watu wawili walishika vijiti, wa tatu akatazama povu. Povu likitulia katikati, unapigilia kigingi, mnasonga mbele. Bwana kilimo alirudia mara tatu kwamba fundo likihama, kazi yote imehama.

Wa kutazama povu alichaguliwa mwenye macho makali. Nani mwingine? Nilikuwa na kama miaka tisa na mwethya mzima ulinitegemea. Kamba ililala kwetu, imezungushwa kwenye vijiti, nyuma ya mlango. Nilitembea kijijini kama mkurugenzi.

Na hapo ndipo ujinga ulipoingia, kwa sababu mpira wangu ulikuwa unafumuka. Nyinyi mnaojua mpira wa matambara mnajua kwamba nguo kuukuu zinapatikana na makaratasi ya nailoni yanapatikana, lakini kamba ni taabu. Kamba ya mkonge inakatika mvua ikiigusa, gome la mti linanyauka. Na mimi kila siku namtazama yule nyoka wa buluu nyuma ya mlango. Nikajiambia kamba ni ndefu, ncha moja tu haitajulikana. Nikaikata kwa meno, nikaifunga upya kwenye kijiti, vizuri sana, huwezi kujua. Mpira wangu ukawa mpira wa kwanza Matinyani wa kudunda mara mbili. Watoto walitoka vijiji vingine kuugusa.

Siku mbili baadaye tukapigilia vigingi shambani kwetu. Nilipotundika kichupa kwenye fundo jekundu nikaona, kwa haya macho makali, kwamba fundo liko karibu zaidi na kijiti cha mbele. Moyo ukaanguka ndani ya kaptura. Kusema ni kupigwa. Nikaangalia povu, nikasema "Sawa." Tukasonga. "Sawa." Mpaka mwisho wa shamba nilisema sawa, na kila sawa ilikuwa imeinama kidogo.

Asubuhi ya mwethya walikuja kabla ya jua, majembe begani, wanaimba. Nyinyi vijana wa siku hizi mna spika ya kubeba mgongoni kama mtoto na bado hamjasikia muziki. Majembe arobaini yakishuka pamoja, mwimbishaji anatupa mstari, wengine wanaudaka, vumbi linapanda, mtu anatukanwa ndani ya wimbo kwamba analima kama bibi harusi, naye anajibu ndani ya wimbo huohuo. Mwaitu alikuwa jikoni tangu usiku na sufuria mbili za muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na harufu yake ilishuka mpaka mtaroni ikawaongezea watu nguvu. Ilikuwa siku ya furaha na mimi peke yangu nilikuwa na homa.

Saa sita walikuwa wamemaliza kuchimba. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa mashariki, meusi, hayana haraka. Susu akashuka mtaroni na sufuria ya maji ya kunywa. Akaiweka chini, akakaa kupumzika, akaitazama. Akainuka, akasonga hatua kumi, akaiweka tena. Akasonga tena, akaiweka mara ya tatu. Kila mara maji yalipanda upande uleule wa mdomo wa sufuria.

"Huu mtaro umelala ubavu," akasema.

Watu wakacheka. Mama Ndunge akamwambia kwa heshima yote, huku akificha meno, "Susu, huu umepimwa na chupa ya serikali. Wewe umeupima na sufuria ya chai?"

"Na hiyo chupa ya serikali imetiwa nini ndani, mwanangu? Si maji?"

Wakacheka zaidi. Mmoja akasema mzee jua limempiga, apelekwe kivulini. Mwaitu alikuja na sinia ya sahani, akasimama, akamtazama mama mkwe wake, akayatazama mawingu, na nikaona midomo yake inahesabu kitu. Alikuwa anahesabu siku. Susu hakubishana. Aliinama kuichukua sufuria yake, mgongo umepinda, na hakuna kitu kilichowahi kuniuma kama ule mgongo.

Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua. "Susu anasema kweli. Fundo haliko katikati. Nilikata kamba."

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Ulikata na nini?" Mama Ndunge akauliza.

"Na meno."

"Ukaipeleka wapi?"

Nilitazama tu kwenye ua, ambapo mpira wangu ulikuwa umekaa kama waziri.

Mwaitu hakunigusa. Aliweka sinia chini, akaenda akauchukua, akakaa ukingoni mwa mtaro mbele ya watu wote, akaanza kuufungua. Matambara yakaanguka moja moja. Kipande cha gauni lake la zamani, soksi ya baba, karatasi za nailoni. Alipofika mwisho wa kamba aliinyoosha kwa mikono miwili kama Mzee Swalehe. Ilitoka ncha ya vidole vya huku ikafika ncha ya vidole vya kule, hata ukucha haukuzidi.

"Pima moja kamili," akasema.

Ndipo Susu, ambaye aliniita mume wake kwa sababu nina jina la babu, akatikisa kichwa. "Huyu mume wangu atakuwa na nyumba nzuri. Hata akiiba, anaiba kwa kipimo."

Yule aliyetaka Susu apelekwe kivulini ndiye aliyecheka wa kwanza, akakaa chini kabisa. Kicheko kikapita mtaro mzima mpaka Mama Ndunge mwenyewe akashikilia jembe asianguke. Lakini alipomaliza kufuta machozi alitazama jua. Kwa sheria siku ya Mwaitu ilikuwa inaisha. Mwaitu hakuomba. Alikuwa ameshika ile kamba mapajani.

"Siku haijaisha kama muthokoi haujaliwa," Mama Ndunge akasema. "Sahani zirudi jikoni. Ungeni kamba."

Ikaungwa. Kisha akaniita mbele. Akanishikisha ncha zote mbili niikunje mara mbili machoni pa watu, fundo jekundu likae kwenye pindo. Likakaa. Tukapima upya, na kule mwisho kigingi changu cha zamani kilikuwa chini kwa kiasi cha kiuno changu. Nusu ya kwanza ya mtaro ikatengenezwa kwa kuchimba zaidi, nusu ya pili ikachimbwa upya, na ule wa zamani ukafukiwa. Waliimba wakiwa na njaa. Wimbo walioutunga siku hiyo ulinihusu mimi na meno yangu, na namuuliza Mungu ni kwa nini watu wa kijiji hawasahau wimbo. Susu alidai kitu kimoja tu, kwamba kule mwisho pachimbwe kidole kimoja zaidi, pabaki na kina, apande mgomba wake.

Hukumu yangu ilitolewa watu wakiwa na sahani mkononi. Mpira hakuna mpaka mvua iishe. Na katika kila shamba, kabla ya kigingi cha kwanza, nitasimama mbele na kuikunja kamba watu waone. "Kunja kamba tuone." Shamba baada ya shamba, msimu huo na uliofuata, watu walikuwa hawaanzi kazi kabla ya kusikia hayo maneno na kunicheka. Msimu wa tatu walikuwa hawacheki. Walikuwa wanangoja.

Mvua ilikuja siku ya nne. Tulisimama mlangoni, tumejifunika gunia. Maji yakashuka mteremko yakiwa mekundu, yana kelele, yakaingia mtaroni, na mimi nikashika mkono wa Susu mpaka akalalamika. Yakajaa. Yakaenda huku, yakaenda kule, kisha yakasimama. Hatua themanini za maji, yametulia kama chai kwenye kikombe, matone yanacheza juu yake. Kunde za Mwaitu hazikwenda popote.

"Yamefika mgombani?" Mwaitu akaita kutoka ndani, kwa maana hakuthubutu kutazama.

"Yamefika, Mwaitu," nikasema, na Susu akaniachia mkono akaanza kucheza ngoma peke yake sakafuni, mzee wa miaka ile, akiwa na blanketi begani.

Tulikula kunde msimu ule mpaka tukazichukia. Leo natamani sahani moja tu ya zile.

Mafundi wangu wanajua mpaka leo, kabla ya jiwe la kwanza, kamba inakunjwa, pima maji inageuzwa mbele nyuma, watu wote waone. Wale vijana wapya hunipiga picha kwa simu wakati huo, kisha huniweka mtandaoni. Mwanangu Mutua amesoma ujenzi chuo, ana mashine ya kutupa mwanga mwekundu ukutani, inalia ti-ti-ti ikipata usawa, na kwenye simu ana pima maji nyingine yenye povu la kuchora. Povu la kuchora! Mwethya nao umehamia WhatsApp. Juzi nilitangaza kwamba mtaro wa mama yangu unahitaji kusafishwa, nikajibiwa na mikono mingi ya njano imekunjwa kuomba. Mikono mingi kweli, jembe hakuna hata moja. Nikaleta mafundi wangu na lori.

Ilikuwa Novemba iliyopita. Mutua alisimamisha mashine yake pale shambani, akapima ule mtaro wa utoto wangu kutoka mwanzo. Ti-ti-ti. Ti-ti-ti. Nilijifanya nashughulika na simu, lakini nilikuwa nasikiliza kila mlio. Alipofika mwisho ikanyamaza.

"Baba, hapa mlikosea," akasema. "Kumeshuka kama kidole kimoja. Tujaze?"

Nilimwambia aache. Nilimwambia hicho kidole kilidaiwa na mtu aliyeishinda chupa ya serikali kwa sufuria ya chai. Alinitazama kama wanavyotutazama siku hizi, kwa upole, kama mtu anayengoja simu imalize kuwaka.

Jioni ikanyesha. Ile mashine ilikimbizwa ndani ya gari ifunikwe, maana haipendi maji, na hilo nimeliwaza sana, chombo cha kupima usawa wa maji kinachokimbia mvua. Mimi nilibaki mlangoni nimejifunika gunia, mtu mwenye malori. Maji yakashuka, yakaingia mtaroni, yakaenda huku na kule yakitafuta, yakasimama. Wa kucheza ngoma sakafuni hakuwepo, na wale wa kuimba juu ya meno yangu wengi wamelala kilimani.

Mwaitu sasa haoni vizuri. Alikuwa kitandani, chumba cha nyuma.

"Kioko," akaita, "yamefika mgombani?"

"Yamefika, Mwaitu."